Kumuuguza mgonjwa wa saratani ya kongosho: tuliyojifunza kwa Baba

Ukimkuta mzee wako amekaa barazani saa nane za usiku, kaukumbatia mto na kainama mbele kama anayetafuta kitu miguuni pake, muulize maumivu yanaanzia wapi. Baba alikaa hivyo wiki sita, hapa Wete. Akilala chali, maumivu yanaanza juu ya kitovu yanatokea mgongoni. Akiinama, yanapungua. Duka la dawa likampa vidonge vya vidonda vya tumbo, tukarudi mara ya pili, tukarudi ya tatu, kwa sababu kila mara alipata nafuu ya siku mbili. Hakuna aliyetwambia kwamba ule mkao wenyewe ni dalili. Wiki zile sita ndizo zinazonifanya niandike.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, urefu wake kama sentimita 15. Linatoa maji yenye vimeng'enya vya kusagia chakula, na linatoa insulini ya kushusha sukari. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mdogo, na mrija wa nyongo unapita hapo hapo. Uvimbe ukiota kichwani, hata ukiwa mdogo, unaweza kuubana mrija, nyongo ikarudi kwenye damu. Hapo utaona macho manjano, mkojo umeiva kama chai ya rangi, choo kimepauka kama chokaa, na mwili unawasha usiku kucha. Ukiota mkiani mwa kongosho haubani mrija huo, na mara nyingi hukua kimya mpaka umeshafika kwenye ini.

Kwetu Pemba mtu akigeuka manjano husemwa nyongo imempanda, na majani ya kuchemsha hayakawii kufika. Mimi sasa nasema hivi: mtu aliyepita miaka 50 akiwa manjano, apigwe altrasaundi wiki hiyo hiyo, hata kama hana homa wala haumwi popote. Manjano yasiyouma ndiyo ya kuogopwa zaidi. Fanya haraka vile vile kwa anayekonda bila sababu huku kisukari kimemjia ghafla ukubwani, au choo chake kinaelea na kuacha mafuta, au mguu mmoja umevimba pasipo kuumia. Huenda ikawa mawe ya nyongo, huenda ikawa homa ya ini. Basi mtakuwa mmejua.

Altrasaundi huonyesha mrija uliotanuka, lakini kongosho lenyewe mara nyingi hufichwa na gesi ya tumbo, kwa hiyo usitulie ukiambiwa "hatujaona kitu" na macho bado manjano. Omba picha ya CT, eksirei ya kina, ya kudungwa dawa. Kuna kipimo cha damu cha kutafuta alama ya saratani, kiitwacho CA 19-9, watu hukikimbilia. Hicho hupanda hata nyongo ikiziba kwa jiwe tu, kwa hiyo peke yake hakimhukumu mtu.

Sisi tulipata jibu ukumbini, tumesimama, mimi na kaka yangu, Baba kaachwa ndani kwenye benchi. Daktari akasema tumrudishe nyumbani. Sitaitaja hospitali. Ila nitakwambia maswali matatu ambayo sikuyauliza siku ile, nikayauliza baada ya mwezi, kwengine.

La kwanza: uvimbe unaweza kukatwa? Upasuaji wa kichwa cha kongosho ni mkubwa sana. Unaitwa Whipple, kwa jina la daktari wa Marekani, Allen Whipple, aliyeutangaza mwaka 1935. Huondolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo na kifuko cha nyongo, kisha mirija ikaunganishwa upya. Ndiyo njia inayompa mtu tamaa ya kupona kabisa, lakini wanaogunduliwa mapema kiasi cha kufaa ni kama 15 hadi 20 kati ya 100. Baba hakuwemo, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini.

La pili: kama haukatwi, mrija unaweza kuzibuliwa? Hili hatukuambiwa kabisa, na ndilo lililombadilisha Baba kuliko jengine lolote. Tulivuka hadi Dar es Salaam, akapitishiwa mpira wenye kamera mdomoni, akawekewa kijibomba kwenye mrija wa nyongo. Mwasho uliomfanya ajikune mpaka kanzu ikatapakaa damu ulianza kupungua siku chache baadaye. Akaomba chai na mkate wa kumimina. Jua tu kwamba kijibomba huziba. Homa na kutetemeka kwa baridi baada ya hapo si malaria ya kusubiri asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

La tatu: tibakemikali itamfaa nini huyu, kwa hali yake hii? Kwa ambaye saratani imeshaenea mwilini, dripu zile za dawa humwongezea muda na mara nyingine humpunguzia maumivu, hazing'oi ugonjwa. Anayeweza kutembea na kujihudumia huzihimili, aliye hoi zinaweza kumdhuru. Uliza mbele ya mgonjwa. Sisi tulimficha Baba wiki tatu, halafu siku moja akanambia, "Mwanangu, mimi najua. Nyinyi ndio hamjui kwamba najua."

Sasa nije kwenye tiba zetu, maana kila aliyeingia kumtazama aliingia na chupa.

Baba alisomewa, na aliandikiwa kombe. Sheikh alikuja kila Ijumaa baada ya Alasiri, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji kidogo, Baba akanywa mafundo matatu na kufumba macho. Uso wake ulilegea. Sikuwahi kuona ubaya wowote katika hilo, na sheikh mwenyewe ndiye aliyemwambia asiache dripu. Mshike sana sheikh wa namna hiyo. Habasoda ya kunyunyiza kwenye asali, tangawizi ya kutuliza kichefuchefu, bizari ya manjano kwenye mchuzi: hivyo ni vyakula, na mgonjwa akivipenda apewe kwa kiasi cha chakula.

Mizizi ya chupa isiyojulikana ni mambo mengine. Ini lililojaa nyongo haliwezi kuhimili kila kitu, na dripu nazo zinapita humo humo. Bizari ya manjano iliyokamuliwa ikawekwa kwenye vidonge vikali inaweza kuzidisha kutoka damu kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hijama nayo, kule kuumikwa na kutolewa damu, sunna tunayoipenda, isubiri: nyongo ikiziba mwili haupati vitamini K vizuri, na damu haigandi inavyopaswa. Jirani mmoja alikuja na pembe zake, nikamkalisha nikamweleza, akafahamu, akabaki kumkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Baba alilala.

Na atakayekuja kukwambia muache hospitali mtumie lishe peke yake, mwambie jambo hilo lilishapimwa. Marekani walifuatilia wagonjwa wa saratani hii: kundi moja lilichagua tibakemikali, jengine likachagua mpango wa lishe maalumu, vidonge vya vimeng'enya kwa wingi na kusafisha utumbo kwa kahawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Nusu ya wa tibakemikali waliishi zaidi ya miezi 14. Upande wa pili, muda huo ulikuwa miezi 4 na kidogo. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliotaka kupona, kama sisi.

Chakula kilinishinda mwanzo. Nilimpikia vizuri, mchuzi wa tui, changu wa kukaanga, akala, na bado mifupa ikawa inatokeza. Kumbe hakuwa anasaga. Kongosho likiziba, mafuta hupita kama yalivyo. Dawa yake ni vidonge vya vimeng'enya, humezwa na tonge la kwanza, na chakula kikiwa kingi chengine katikati. Visitafunwe, visifunguliwe kwenye uji wa moto. Uulize vidonge hivi, kwa sababu madaktari wengi hawavitaji. Na hapa liko jambo la kwetu: karibu vyote hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Baba alikiweka chini kidonge alipojua. Sikumlazimisha. Nilimwita sheikh, akauliza kama kipo cha mnyama mwengine, nikamwambia nimetafuta na sikupata. Akamwambia Baba kwamba dharura ina hukumu yake, na dhambi haimo kwa asiyetaka wala kuvuka mpaka. Baba akameza kesho yake. Wewe pia muulize mwanachuoni unayemwamini mapema, kabla mgonjwa hajakwisha nguvu.

Mpe kidogo kidogo mara sita kwa siku. Uji wa mchele wenye maziwa, yai, supu ya samaki, ndizi iliyoiva. Usimkataze tende kwa kuambiwa sukari inalisha saratani. Njaa humaliza mtu kabla ya uvimbe. Kama ana kisukari, pima sukari na umuulize daktari dawa, usimpunguzie tonge. Ramadhani alitaka kufunga. Tukalisha maskini kwa niaba yake, naye akawa anakaa nasi futari, anakula alichoweza.

Maumivu usiyangoje yapande. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne, kwa saa, hata kama mgonjwa hajalalamika, kwa kipimo alichoandika daktari. Mimi nilikuwa na daftari la shule la kurasa 48: saa, kipimo, maumivu kati ya 0 na 10, choo. Choo ni lazima, mofini hufunga tumbo, kwa hiyo dawa ya kulainisha ianze siku ile ile. Watu watakwambia atazoea kama mraibu. Anayepewa kwa maumivu, kwa kipimo, ni nadra kugeuka mraibu. Anapata usingizi na kauli. Dawa ikiwa haitoshi, muulizeni daktari kuhusu sindano ya kuzima mishipa ya fahamu iliyo nyuma ya tumbo.

Kuna maumivu ambayo daftari langu halikuyashika. Mwezi wa mwisho namba zilipanda saba, nane, na kuongeza kipimo hakukusaidia. Usiku mmoja nikamuuliza, "Baba, kitu gani?" Akataja pishi nne za karafuu alizochukua kwa mtu wa Mtambwe miaka mingi nyuma, msimu ulipoharibika, hakuwahi kulipa. Asubuhi kaka yangu akaenda kumleta. Yule mzee akakaa ukingoni mwa kitanda, akakataa pesa, Baba akashikilia apokee, wakalia wote wawili na kutakana radhi. Daftari la siku ile limeandikwa: saa mbili usiku, nne. Saa nane usiku, amelala.

Basi ulizia madeni na wasia mapema, mgonjwa angali na kauli.