Namna ya kutathmini malengo yako ya baiskeli mwaka unapokwisha: anza na wiki tupu

Mwishoni mwa Desemba, mvua za vuli zikiwa bado hazijaiacha Mwanza na kandokando ya barabara ya Buhongwa kukiwa na matope, mwendesha baiskeli hupata nafasi ya kukaa na kujiuliza malengo aliyojiwekea Januari yameishia wapi. Wengi wetu humaliza kazi hiyo kwa dakika tano: tunatazama jumla ya kilomita, tunaifurahia au tunaisikitikia, kisha tunaandika jumla nyingine kubwa zaidi kwa ajili ya mwaka unaokuja. Nimefanya hivyo kwa miaka kadhaa, na kila mwaka nilikwama mahali palepale, kwa sababu jumla humwambia mtu alifika wapi bila kumwambia alisimama wapi. Njia ninayoieleza hapa huanza na zile wiki ambazo baiskeli haikutoka nje hata siku moja.

Utahitaji daftari, kalamu ya rangi mbili, kalenda ya mwaka mzima na asubuhi moja isiyo na wageni. Kusanya kumbukumbu zote ulizonazo: mita ya baiskeli kama unayo, programu ya simu kama Strava, na daftari lolote uliloandikia safari. Usipokuwa na kumbukumbu za kutosha, tafuta ushahidi mahali pengine, kwa kuwa picha za simu hubeba tarehe, na ujumbe wa malipo uliyomtumia fundi hukumbusha siku ambayo tyubu ilipasuka au spoki zilikatika. Pale ambapo huna ushahidi, acha nafasi wazi. Wiki iliyojazwa kwa kukisia huharibu hesabu kuliko wiki iliyoachwa bila kitu, maana ukishaiandika utaiamini.

Kabla ya kuamini tarakimu za mita, ihakiki kwanza. Mita ndogo za baiskeli huhesabu mizunguko ya gurudumu na kuizidisha kwa mzingo ulioingizwa wakati wa kuifunga, na mzingo huo ukiwa na kosa, mwaka mzima una kosa. Tia alama ya chaki kwenye tairi na nyingine sakafuni, sukuma baiskeli mpaka alama ya tairi iguse tena sakafu, kisha pima umbali huo kwa utepe. Ni vizuri umwombe mtu aketi juu ya baiskeli wakati wa kupima, kwa sababu tairi lililobeba mtu hubonyea kidogo na mzingo hupungua. Mimi niliendesha baiskeli yenye magurudumu ya inchi 28, ambayo mzingo wake unazidi kidogo mita 2.2, huku mita ikiwa bado na kipimo cha magurudumu ya inchi 26, yaani kama mita 2.05. Tofauti hiyo ni takriban asilimia 8, na maana yake ni kwamba mwaka niliodhani nimeendesha kilomita 2,800 kwa kweli nilikuwa nimepita 3,000. Nililia bure.

Simu nayo ina matatizo yake, hasa katika kuhesabu mwinuko. Nenda ufukweni, simama mahali pamoja kwa dakika kumi huku programu ikiwa imewashwa. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na tofauti ya mita kadhaa si neno, lakini simu ikidai kwamba umepanda mita ishirini au thelathini ilhali hujaondoka ulipo, jumla ya milima uliyopanda mwaka mzima usiipe uzito wowote.

Kuisoma kalenda

Sasa chora mistari 52 kwenye daftari, mmoja kwa kila wiki, na katika kila mstari andika siku ulizoendesha na kilomita ulizopata. Kisha chukua kalamu nyekundu na uzungushie kila wiki tupu. Mbele ya kila wiki nyekundu andika sababu, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu neno la kwanza linalomjia mtu mara nyingi si sababu bali ni udhuru.

Mwaka uliopita nilikuwa na wiki tupu 14. Tano niliziandikia mvua, na karibu zote ziliangukia kati ya Machi na Mei, msimu wa masika. Maelezo hayo yalionekana kutosha mpaka nilipofungua jumbe za simu za wiki hizo na kugundua kwamba katika wiki tatu mvua ilinyesha asubuhi mbili tu. Nilichokuwa nimekosa ni madigadi. Baiskeli yangu haikuwa nayo, maji ya barabarani yalinirukia mgongoni, na mwalimu hawezi kusimama mbele ya darasa akiwa na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kwenye kola. Kwa hiyo nilifuta neno "mvua" katika wiki hizo tatu na kuandika "madigadi", na jambo nililokuwa nimemwachia Mungu likawa jambo la kununua dukani. Fanya hivyo kwa kila wiki uliyoiandikia mvua: jiulize ilinyesha saa ngapi, siku ngapi, na ungekuwa na kitu gani ili uendeshe hata hivyo. Zitakazobaki baada ya maswali hayo ni wiki za mvua ya kweli, ile ya radi na mafuriko ya mitaro, na kwa hizo hakuna wa kulaumiwa, kwa kuwa kukaa ndani ndiyo busara.

Wiki nyingine nne zilikuwa za ubovu wa baiskeli. Nilipozipanga kwa tarehe niliona kitu ambacho nisingekiona katika jumla: zilitokea kwa vipindi vitatu, na kila kipindi kilianza siku chache baada ya mvua kubwa. Mchanga wa barabara za pembeni, ukichanganyika na maji, huingia kwenye gololi za magurudumu na za pedeli, hula grisi, na hugeuza cheni kuwa msasa. Fundi wangu, mtu wa maneno machache, aliinua gurudumu la nyuma akalizungusha, akasikiliza, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii baiskeli umeiosha au umeivua ziwani?" Mimi nilikuwa nikiipeleka kwake ikishaharibika, tena wakati ambapo mtaa mzima umepeleka za kwao, na foleni ndiyo iliyonila wiki mbili kati ya hizo nne. Tangu hapo matengenezo makubwa nayafanya mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba, kabla masika na vuli hazijaanza, wakati fundi ana nafasi.

Kwa kuwa tumefika kwenye cheni, ipime siku hiyohiyo ya tathmini. Chukua rula ya sentimita 30, weka sifuri katikati ya pini yoyote, kisha, ukiihesabu hiyo kuwa ya kwanza, endelea mpaka pini ya 21. Kwa cheni mpya umbali huo ni sentimita 25.4, na ukikuta unakaribia 25.7, cheni imekwisha na inaanza kuyala meno ya gia, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya cheni. Andika kipimo hicho daftarini pamoja na kilomita zake, nawe mwakani utajua cheni yako huishi kilomita ngapi katika vumbi la huku kwetu, badala ya kutegemea maelezo ya mtengenezaji ambaye hajawahi kuiona barabara ya Igombe.

Wiki mbili zilikuwa za homa. Hizo ziandike bila kuzijadili, ila angalia wiki iliyofuata: ukiona ulirudi kwa safari ndefu siku ya kwanza na kisha wiki ya pili ikawa tupu tena, kosa liko katika namna ya kurudi. Mapigo ya moyo yakihesabiwa kwa dakika nzima asubuhi kabla ya kuinuka kitandani huonyesha kama mwili umepona, maana huwa juu kuliko kawaida yake wakati bado haujawa tayari. Niongeze hapa, ingawa si la kalenda, kwamba kuoshea baiskeli ziwani huku umezama magotini ni kujitafutia kichocho. Tumia maji ya bomba.

Msiba ulichukua wiki moja. Misiba, harusi na shughuli za ukoo si kushindwa, na mtu anayezihesabu kama kushindwa atajikuta anawakasirikia ndugu zake kwa sababu ya kilomita. Dawa yake ni kuzitoa mapema kwenye hesabu, na nitalirudia jambo hilo kwenye malengo mapya. Mbili zilizobaki zilikuwa za uvivu. Niliziandika hivyo.

Kulinganisha kasi bila kujidanganya

Kama lengo lako lilihusu kasi, usilinganishe safari ya Januari na ya Novemba kabla hujatazama saa ya kuanza. Kando ya ziwa upepo una ratiba: mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku mambo hugeuka. Anayekwenda Kisesa mapema na kurejea mjini saa 9 alasiri atakutana na upepo usoni wakati amekwisha kuchoka, ilhali aliyerejea saa 3 asubuhi hakukutana nao, na tofauti ya dakika zao haihusiani na nguvu za miguu. Jua letu huchomoza takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo ni rahisi kuchagua saa moja ya kupimia na kuishikilia. Mimi hutumia mlima wa Bugando, mara moja kila miezi mitatu, saa 1 asubuhi, siku ya Jumapili wakati magari ni machache, na tairi likiwa limejazwa upepo uleule.

Wanaoendesha kuelekea Sengerema wana jambo la ziada. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na kabla ya hapo kila safari ilikuwa na muda wa kusubiri kivuko. Ukiweka muda wa safari ya zamani kando ya wa sasa utajiona umekuwa bingwa. Linganisha muda wa kunyonga pedeli pekee, au anza hesabu upya tangu daraja lilipofunguliwa.

Kulihukumu kila lengo

Baada ya kalenda ndipo uyarudie malengo yenyewe, moja baada ya jingine, na kwa kila moja jiulize lilitoka wapi. Swali hili nimeliona lina faida kuliko kuuliza kama lilitimia. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, mbio za wanaume zilikuwa na zaidi ya kilomita 260 na mwinuko wa zaidi ya mita 5,000, na najua watu wa hapa walioamka siku iliyofuata wakiwa wamejiandikia malengo ya milima. Ni furaha kutazama, lakini lengo la kuazima halina wa kulihurumia siku ya baridi. Lengo langu la kwenda Magu na kurudi kwa siku moja, safari inayozidi kilomita 100, lilishindikana mara mbili na bado nimelibakiza, kwa sababu nalitaka. Lengo la kilo za mwili nimelifuta, kwa kuwa halikuwa la baiskeli. Lilikuwa la sahani.

Lililotimia nalo lihojiwe. Nilijiwekea kwenda kazini kwa baiskeli siku tatu kwa wiki, na katika wiki zisizo tupu nililitimiza karibu kila mara. Nilipotazama siku zenyewe niliona ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku ambazo mizigo yangu ya madaftari ni midogo. Kumbe kilichonizuia siku mbili nyingine ni keria dhaifu.

Unapoandika malengo mapya, usigawe kwa wiki 52. Chukua idadi ya wiki tupu za mwaka huu, ondoa zile ambazo sababu yake umeipatia dawa, na zilizobaki zitoe kwenye mwaka ujao kabla hujaanza. Mimi niliziondoa za madigadi na mbili za foleni ya fundi, nikapunguza moja ya uvivu kwa matumaini, nikabaki na nane. Hivyo kilomita 3,000 nazigawa kwa wiki 44, ambazo ni kama kilomita 68 kwa wiki badala ya 58. Namba hiyo ni kubwa zaidi, na kama haiwezekani ni heri ulijue jambo hilo Januari ukapunguza lengo. Andika pia vitu vya kununua na mwezi wa kuvinunua kwenye ukurasa uleule wa malengo, kwa maana lengo la masika lisilo na madigadi ya Februari litaishia kwenye wino mwekundu. Mwisho, chagua siku ya tathmini ya katikati ya mwaka, nami napendekeza Jumamosi ya kwanza ya Juni, mvua zikiwa zimekwisha na miezi mikavu ya kufidia kilomita ikiwa bado iko mbele.