Kufufua Land Rover 109 nyumbani Tabora: anza na breki, rangi ije mwisho

Mpwa wangu amerithi Land Rover 109 Series III ya marehemu baba yake, gari lililozoea kubeba mizinga na madumu ya asali kati ya Sikonge na Tabora mjini. Lilikaa miaka chini ya mwembe kule Isevya, matairi yamelala, majani yamejaa kwenye boneti. Nilipofika kuliona, kijana alishanunua rangi. Nikamwambia rangi aiweke stoo kwanza. Tumelifanyia kazi pamoja mpaka likatembea, na kwa kuwa wapo wengine wenye magari kama hayo yamelala uani, nimeona niandike tulivyokwenda.

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa Series II na IIA. Mpangilio wangu ni huu na siubadilishi: gari lijue kwanza kusimama, halafu kuwaka, halafu kupendeza.

Hatua ya 1: Kadi na namba ya chesisi

Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta namba ya chesisi. Imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye chuma kinachoshikilia springi. Isugue taratibu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Usipitishe grainda hapo hata kidogo, maana ukiifuta namba utapata taabu ya kuthibitisha gari ni lako. Ilinganishe na kadi. Kama kadi bado ina jina la marehemu, shughuli za mirathi na TRA (mamlaka ya mapato) zianze sasa, ziende pamoja na kazi ya spana.

Hatua ya 2: Vifaa

Tafuta spana za inchi. Hapa sina mjadala. Nati nyingi za gari hili ni za inchi, na mafundi wengi wa sasa wana spana za milimita tu. Spana ya 13 ukiivalisha nati ya nusu inchi inacheza kidogo, na nati ikiwa na kutu kichwa kinalika na kuwa mviringo. Kwenye nati ya 9/16, spana ya 14 haiingii na ya 15 inapwaya. Ulizia kwa wazee waliostaafu reli. Ukipata seti iliyotumika nzuri, chukua hiyo kuliko mpya ya bei rahisi. Tumia spana ya ringi, ile ya mdomo wazi ibaki kwa sehemu ambazo ringi haifiki. Spana ya bomba ikae mbali na gari hili.

Nyingine ni jeki, stendi mbili za chuma, mawe au magogo ya kuzuia matairi, brashi ya waya, nyundo ndogo na bisibisi ya kugonga. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: handbreki ya gari hili haishiki matairi. Inashika drami iliyo nyuma ya gia boksi, kwenye shafti inayokwenda difu ya nyuma. Ukinyanyua tairi moja la nyuma, lile la hewani linaweza kuzunguka kupitia difu na gari likatembea huku handbreki imevutwa. Kwa hiyo zuia matairi yaliyobaki chini kila mara.

Hatua ya 3: Kupima chesisi

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haioti kutu ya chuma. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima huku chini limekwisha. Chesisi ni chuma, na inaoza kuanzia ndani.

Lala chini na nyundo ndogo, igonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito, na wakati mwingine nyundo inazama. Angalia zaidi mwamba wa nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na sehemu springi zinapofungwa. Kisha kagua ukuta wa chuma ulio kati ya injini na kabini, hasa pale miguu inapokaa. Pita na sumaku: ikikataa kushika mahali panapotakiwa kuwa chuma, mtu alishaziba kwa puti na kupaka rangi juu.

Hatua ya 4: Kuchomelea, kisha nta

Toa tangi la mafuta na ulipeleke mbali kabisa na kazi. Hata likiwa tupu, mvuke wa petroli uliobaki ndani unalipuka. Chomoa betri na nyaya za alteneta, maana umeme wa mashine ya kuchomelea unaunguza dayodi zake. Kata sehemu iliyooza mpaka ufikie chuma kinachong'aa, weka bati la milimita 2 hadi 3, chomelea vipande vifupi vifupi kwa kubadilisha upande ili chesisi isijikunje. Kiraka juu ya kutu sikikubali.

Baada ya hapo wengi humwaga oili chafu ndani ya chesisi. Sisi watu wa Tabora tuna kitu bora kuliko hicho: nta ya nyuki. Nunua nta safi, iyeyushe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja kwenye moto, inawaka. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo maji yanatosha. Changanya sehemu moja ya nta na mbili za oili mpya ya injini, ondoa kabisa kwenye moto, kisha lainisha kwa mafuta ya taa kidogo mpaka ipite kwenye bomba la kupulizia. Puliza ndani ya chesisi kupitia matundu yake. Kazi hii ifanye Septemba au Oktoba, jua linapokuwa kali na chuma chenyewe kimepata moto, nta itembee hadi kwenye pembe kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Hatua ya 5: Breki

Hapa ndipo kijana alipokaribia kukata tamaa, na nimeona mafundi wazima wakishindwa. Nitaeleza kwa kirefu.

Fungua drami zote. Kabla ya kugonga, legeza vichwa vya kurekebishia vilivyo nyuma ya sahani ya breki, maana drami iliyolika inakuwa na ukingo unaoshikilia breki shuu, yale mapande yanayoibana drami kwa ndani. Skrubu za drami zitoe kwa bisibisi ya kugonga. Vumbi utakalokuta usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

109 ina wili silinda sita, vile vikopo vya mafuta vinavyosukuma shuu: mbili kwa kila tairi la mbele, moja moja nyuma. Chomoa mpira wa pistoni na uangalie ndani kwa tochi. Kama ukuta wa silinda una vishimo vya kutu, usidanganyike kuweka mpira mpya, utakatwa na vishimo hivyo ndani ya muda mfupi. Nunua silinda nzima. Tulizipata Gerezani, Dar, zikaja kwa basi. Mipira ya breki, ile mirefu inayopeleka mafuta kwenye tairi, iko mitatu, miwili mbele na mmoja unaokwenda ekseli ya nyuma. Yote ibadilishe hata kama kwa nje inaonekana mizuri. Mpira wa zamani unavimba kwa ndani, unapitisha mafuta ukikanyaga lakini hauyarudishi, na tairi linabaki limeshikwa.

Mafuta ya breki yawe DOT 3 au DOT 4, kutoka kwenye chupa uliyoifungua mwenyewe, kwa sababu yanavuta unyevu wa hewani. Usitie oili ya injini wala mafuta ya stelingi hata kama umeishiwa: mipira yote itavimba na utaanza upya. Mafuta ya breki yakimwagikia rangi, mwagia maji haraka.

Sasa kutoa upepo. Hali unayoikuta ni hii: umefunga kila kitu kipya, umetoa upepo tairi zote, hakuna kipovu hata kimoja, lakini pedeli inazama hadi sakafuni. Ukikanyaga mara ya pili haraka inasimama juu. Kila anayepita atakwambia upepo bado umo. Utamaliza chupa baada ya chupa, na mafuta yanayotoka ni safi.

Mara nyingi hapo tatizo si upepo, ni nafasi. Breki shuu ziko mbali na drami. Masta silinda, ile inayosukumwa na pedeli, inasukuma mafuta kidogo tu kwa mkanyago mmoja, na hayo yanagawanywa kwa silinda sita. Shuu zikiwa na safari ndefu, mafuta yanakwisha kabla hazijagusa drami. Mkanyago wa pili unazikuta ziko njiani, ndiyo maana pedeli inapanda.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kutoa upepo, kaza vichwa vyote vya kurekebishia mpaka kila tairi lishikwe kabisa, lisizunguke kwa mkono. Mbele kila shuu ina kichwa chake, usisahau hata kimoja. Tairi zote zikiwa zimefungwa, ndipo utoe upepo. Shuu zimeshagusa drami, pistoni hazina pa kwenda. Mimi naanza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani nyuma kushoto, namaliza na la mbele kulia.

Weka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipo, yaani kichuchu cha kutolea upepo, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta. Mwenzako akanyage taratibu, ashikilie, wewe ufungue, ufunge, ndipo aachie. Asipampu haraka, mafuta yanatoa povu na utazidi kuufukuza upepo ulioutengeneza mwenyewe. Mbele, silinda mbili zimeunganishwa kwa kibomba kifupi, na upepo unapenda kukaa humo. Kigonge kidogo kidogo kwa mpini wa bisibisi wakati mwenzako anakanyaga. Mafuta ya juu yasipungue wakati wote huu, na yale yaliyotoka usiyarudishe.

Pedeli ikishakuwa ngumu, legeza kila kichwa kidogo kidogo mpaka tairi lizunguke, likikwaruza kwa mbali tu. Kanyaga breki kwa nguvu mara moja ili shuu zikae katikati, kisha rekebisha tena. Pima:

- Mkanyago wa kwanza unazama na wa pili unasimama: marekebisho, rudi kwenye vichwa.
- Pedeli inanesa kama mpira wa miguu chini ya kiatu: upepo upo kweli.
- Unaikanyaga kwa uzito uleule nayo inashuka polepole: kuna panapovuja, au mpira wa masta silinda umechoka.

Vichwa vyenyewe vikiwa vimeshikwa na kutu, vipake oili siku kadhaa kabla na uvisogeze mbele na nyuma. Usivalishe bomba kwenye spana ili upate nguvu. Na ukikuta kichwa kinazunguka kwa ulaini kupita kiasi, badilisha, kitajilegeza barabarani.

Drami ya handbreki ikiwa imelowa oili, badilisha kwanza sili ya gia boksi inayovuja, vinginevyo shuu mpya zitalowa vilevile.

Hatua ya 6: Injini

Injini ya petroli ya lita 2.25 ni ngumu kufa. Toa plagi, mimina kijiko cha dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, iache siku mbili tatu, kisha zungusha kwa hendeli. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kwani ikirusha nyuma itakivunja.

Nafasi ya tapeti (za valvu) iwe milimita 0.25 zote, ya pointi (zinazokatiza umeme wa plagi) 0.35 hadi 0.40, mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, 1-3-4-2. Oili 20W-50. Petroli ya zamani imwage yote, na usafishe kikombe cha kioo kwenye pampu.

Wengi hung'oa injini hii na kuweka ya Toyota. Sishauri. Utalazimika kubadili mashikio, muunganiko wa gia boksi na namba ya injini kwenye kadi, wakati hii ukikwama porini unasafisha pointi kwa kipande cha msasa na kuendelea na safari.

Hatua ya 7: Umeme

Safisha kwanza sehemu zote za eathi, kuanzia waya wa betri kwenda chesisi. Taa nyingi "mbovu" zitawaka hapohapo.

Hatua ya 8: Bodi na rangi

Aluminiamu ikigusana na chuma kwenye unyevu inaliwa na kuwa unga mweupe. Kata vipande vya tyubu ya zamani, viweke kati yake kila unapofunga bolti. Msasa, praima inayoshika aluminiamu, rangi.

Hatua ya 9: Kutoka barabarani

Anza uwanjani, mwendo wa gia ya pili, ukikanyaga breki mara kwa mara. Ukiridhika, nenda kilomita chache barabara ya Sikonge. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila drami kabla ya kugusa. Zote ziwe na joto linalokaribiana. Iliyo moto kuliko wenzake, shuu yake imebana: legeza kichwa kidogo, zungusha tairi, jaribu tena. Ukimaliza kaza nati za matairi, kisha angalia oili na maji wakati injini imepoa.