Mianzi, dumuzi na mwezi: namna ya kulijaribu dai la wazee shambani kwako

Miezi minne baada ya banda langu la kuku kukamilika, kila asubuhi nilikuta chini ya kila mwanzi kilima kidogo cha unga wa rangi ya krimu, laini kama poda, na juu yake matundu yenye upana wa kichwa cha pini. Fundi mzee niliyemwita aje kuangalia hakuuliza mianzi ilitoka wapi wala ilikaushwa vipi. Aliupangusa ule unga kwa kidole, akauliza: "Mwanangu, mliikata mwezi ukiwa wapi?" Kwake yeye mwanzi hukatwa wakati wa giza, yaani siku ambazo mwezi hauonekani, kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu maji ya mti hupanda na utamu wake huwaita dumuzi, wadudu wanaotoboa mianzi na kuacha unga ule. Dai hili ni la kale sana, na hata waandishi wa Ugiriki na Roma ya kale waliwashauri watu wao kuchagua siku za mwezi kwa ukataji wa mbao. Kwa bahati nzuri, yeyote mwenye kichaka cha mianzi, mizani ya jikoni na chupa ya ayodini anaweza kulipima mwenyewe.

Kabla ya kushika panga, inafaa kujua dai lenyewe lina udhaifu wapi. Anayesema kwamba mwezi huvuta maji ya mti kama uvutavyo bahari anasahau jambo ambalo kila mvuvi wa mwambao analijua, kwamba bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, wakati wa giza na wakati wa mwezi mpevu, kwa nguvu zinazokaribiana. Kama mvuto ndio sababu, basi giza na mpevu zingepaswa kufanana, na tofauti ingeonekana kati ya siku hizo na siku za maji mafu, ambapo bahari hujaa na kupwa kidogo. Isitoshe, mvuto huo wa kujaza na kupwaza maji ni takriban sehemu moja tu kati ya milioni kumi ya uzito wa kitu, nao huiinua bahari kwa sababu bahari ni pana mno, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya mwanzi wa mita kumi. Mwanga nao ni hafifu, kwa kuwa mbalamwezi iliyo kamili ina mwanga mdogo kuliko wa jua la mchana kwa karibu mara 400,000. Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa: mwaka 1998 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya miti michanga ya jamii ya misonobari iliyowekwa gizani, ambayo unene wa mashina yake ulipanda na kushuka kwa sehemu ndogo mno za milimita, kwa mwendo uliofanana na ule wa maji kujaa na kupwa. Lakini kutoka hapo hadi kusema dumuzi watakula au hawatakula ni safari ndefu.

Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba dumuzi wa mianzi hufuata wanga. Wanga huo hubadilika kwa umri wa mwanzi na kwa msimu, kwa sababu kichaka hujiwekea akiba, kisha huitumia kulisha machipukizi mvua zinapofika. Ndiyo maana jaribio lisilodhibiti umri na msimu litapima mambo hayo huku likidhani linapima mwezi, na hapo ndipo majaribio mengi ya nyumbani huharibikia.

Chagua kichaka kimoja tu. Weka alama kwenye mianzi 30 iliyokomaa, yaani yenye miaka mitatu au zaidi, ambayo maganda yake yamekwisha kudondoka, imeanza kuwa na madoadoa ya ukungu, na ikigongwa kwa ubapa wa panga hutoa mlio mkavu. Andika namba 1 hadi 30 kwenye vikaratasi, vichanganye ndani ya kofia, kisha uchote vitano kwa kila siku ya kukata. Usichague kwa macho, kwa sababu mkono huenda wenyewe kwenye mwanzi mzuri siku ile ambayo moyo unataka ishinde. Siku za kukata ni mbili kila mwezi, kwa miezi mitatu mfululizo: moja ya giza na moja ya mwezi mpevu. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inakutosha, kwa maana tarehe 29 huangukia gizani na tarehe 14 au 15 huangukia kwenye mwezi mpevu. Kata saa ileile ya asubuhi kila mara. Ukikata mara moja tu kwa kila awamu, mvua moja iliyonyesha katikati inaweza kukupa jibu la uongo.

Kwenye kila mwanzi chukua pingili ya tano kutoka chini na ukate kipete kidogo. Pangusa sehemu iliyokatwa, dondoshea ayodini, subiri dakika chache. Palipo na wanga rangi hugeuka kuwa buluu iliyokolea hadi weusi, na pasipo na wanga hubaki kahawia ya dawa yenyewe. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, mwanzi mmoja ulitoa ukingo mweusi tii na jirani yake, uliokatwa dakika ileile, ukabaki kahawia tupu. Tofauti hiyo peke yake ilinifundisha kutouamini mwanzi mmoja mmoja. Kipete cha pili kipime kikiwa kibichi, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito uache kushuka, kisha toa uzito mkavu kwenye uzito mbichi, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipete cha gramu 70 kilichobaki na gramu 40 kilikuwa na unyevu wa asilimia 75.

Pingili ya sita ya kila mwanzi iwekwe kwenye uchaga mmoja chini ya paa moja, isiguse udongo, ikiwa na namba tu bila tarehe. Baada ya miezi mitatu, na tena baada ya sita, mpe mtu asiyejua orodha yako ahesabu matundu huku akiyatia alama ya penseli. Ndipo ufungue daftari. Tazama kwanza jinsi mianzi ya kundi moja inavyotofautiana yenyewe kwa yenyewe: ikiwa katika kundi la giza mmoja una matundu 3 na mwingine 40, basi wastani wa 15 dhidi ya 18 wa kundi la mpevu hauna la kukuambia. Tofauti ya kuzingatiwa ni ile inayojirudia upande uleule katika miezi yote mitatu.

Wakati unasubiri, mianzi ya kujengea usiiache mikononi mwa mwezi. Iloweke kwenye maji yanayotembea kwa wiki kadhaa ili sehemu ya sukari na wanga iondoke, kisha isimamishe kivulini ikauke taratibu bila kupasuka. Ya ndani ya nyumba inaweza kulowekwa kwenye mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, kwa glavu na mbali na watoto. Ya nje haifai kwa dawa hiyo, kwa kuwa mvua huiosha. Fundi wangu naye hupanga siku, huchagua iliyokomaa na hukausha kivulini, na nadhani humo ndimo zilipo sifa nyingi anazoupa mwezi.