Simu ya usiku kutoka Mombasa: la kufanya ukiwa mbali

Uko Doha au London, simu inalia usiku: dada amepigwa Kisauni, au mpwa amebakwa Likoni. Wengi hukimbilia kumpigia mume, au kuitisha kikao cha wazee. Tafadhali usianze hapo. Mume akijua siri imetoka, atakayeumia ni huyo aliyekuamini, na saa zinazopotea kikaoni hazirudi.

Kama ni ubakaji, hesabu saa. Dawa za PEP, za kuzuia maambukizi ya HIV, huanzwa ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ndivyo bora. Humezwa siku 28 bila kukatiza. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufaa hadi saa 120. Basi kazi yako ya kwanza ni nauli na mtu wa kumsindikiza mpaka Hospitali Kuu ya Pwani, ile watu waiitayo Makadara, yenye kituo cha waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Si lazima apitie polisi kwanza. Asioge wala asifue. Nguo alizokuwa amevaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hushika unyevu na ushahidi huoza. Na kama ameshaoga? Aende vivyo hivyo, dawa bado zinamfaa na daktari bado ana la kuandika.

Hospitalini atajaziwa fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji, yenye nakala yake mwenyewe na ya polisi. Kwenye kituo cha polisi aulizie dawati la jinsia, na asiondoke bila nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio. Kisha kuna P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, nayo hutolewa bure. Hapa ndipo mambo hukwama: fomu hukaa mkobani wiki nzima, na ikimfikia daktari jeraha limeshapona. Kila karatasi ipigwe picha, utumiwe wewe uitunze, maana za nyumbani huchanwa.

Nauli usiitume kwenye simu ambayo mume huishika. Ujumbe wa M-Pesa humfichua. Mtumie jirani au shangazi anayeaminika. Nambari 1195 ya ukatili wa kijinsia, na 116 ya watoto, ni za bure ndani ya Kenya. Nambari fupi kama hizo kwa kawaida hazipatikani ukiwa nje, kwa hiyo apige mtu aliye huko. Sauti na picha alizokutumia usizifute, usizikatekate, wala usizirushe Facebook. Mahakamani huhitajika cheti cha aliyezitoa kwenye simu, na simu yenyewe huweza kuhitajika.

Akipigwa mara kwa mara, sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inamruhusu kuomba amri ya ulinzi, hata mama anayepigwa na mwanawe. Kadhi huamua talaka za Waislamu, lakini amri hii huombwa kwa hakimu. FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake chenye ofisi Mombasa, huwasaidia wanawake wasio na pesa za wakili. Shanzu nako kuna mahakama maalumu ya kesi za ukatili wa kijinsia, iliyozinduliwa 2022.

Utaombwa mchango ili jambo liishie nyumbani. Usitoe. Kwa makosa yaliyo chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, familia haina mamlaka ya kuifuta kesi. Uamuzi ni wa mwendesha mashtaka wa serikali. Pesa hiyo humnyamazisha mtoto tu, na mbakaji akabaki mtaa uleule.

Na anayesumbuliwa na bosi wake hotelini? Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kisheria awe na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji wa kingono. Aiombe kwa maandishi, abaki na nakala. Aandike tarehe, saa, maneno yenyewe na waliokuwepo, katika daftari lisilolala kazini.