Unataka kuhama mji? Jinsi ya kulinganisha maisha ya mji na mji kabla hujafunga mizigo

Zile orodha za miji bora ya kuishi kila zikitoka watu wanabishana weee, afu hakuna anayehama kwa sababu yake. Na ni sawa tu, maana nyingi hazikutengenezwa kwa ajili yako. Chukua ile ya EIU, kitengo cha utafiti cha kampuni ya jarida la The Economist, ambayo Vienna iliwahi kushika namba moja miaka kibao, inaangalia utulivu asilimia 25, afya 20, utamaduni na mazingira 25, elimu 10, miundombinu 20, basi. Umeona kodi ya nyumba hapo? Haipo, gharama za maisha wanazipima kwenye utafiti mwingine kabisa. Orodha za namna hii zinatumiwa sana na makampuni yanayopeleka wafanyakazi nchi za nje ili yajue yawalipe posho kiasi gani, na zinalinganisha miji ya nchi tofauti, kwahiyo nchi yako inaweza ikawa na mji mmoja tu humo au isiwe nao kabisa. Wewe unayetaka kujua kati ya miji mitano sita ya nchi yako uende upi, hesabu inabidi upige mwenyewe. Sio kazi kubwa, jioni mbili tatu na spredishiti (jedwali la kompyuta kama Excel) zinatosha.

Anza na wewe, miji baadae. Andika vitu vyote vinavyoigusa siku yako ya kawaida, kazi, shule ya watoto, hospitali, usafiri, maji, umeme, hewa, ndugu wako wapi, afu vigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la lazima, na vya lazima havipewi pointi, vinachuja. Kama mtoto anahitaji daktari bingwa wa moyo kila mwezi, mji usio na huyo daktari unatoka hapo hapo hata uwe na bustani nzuri namna gani. Kazi nayo iko fungu hili, ila usihesabu ile ajira moja uliyoahidiwa, angalia kama ikiota mbawa kuna waajiri wengine watatu wanne wa fani yako hapo hapo mjini. Mji wenye mwajiri mmoja tu wa fani yako unakulipa mshahara pamoja na presha. Mara nyingi ukimaliza kuchuja miji sita inabaki mitatu, na hapo nusu ya kazi imeisha.

Fungu la pili ndo linapewa uzito. Una pointi 100, zigawe kwa vilivyobaki, mfano usafiri 30, hewa 20, shule 25, hivyo hivyo mpaka ziishe. Fanya hivi KABLA hujafungua takwimu yoyote, maana ukishaona namba utaanza kuvuta uzito kuelekea mji ambao moyo ulishauchagua zamani. Ukiwa na mwenza kila mtu aandike kivyake bila kuchungulia karatasi ya mwenzie, afu mlinganishe. Mtazozana, ila bora mzozane hapo kuliko mkishahama.

Unaweza ukasema uzito ni kitu kidogo, takwimu ndo zenye maneno. Hapana. Mwaka 1987 watakwimu wa maabara ya utafiti ya Bell Laboratories kule Marekani walichukua data ya miji 329 iliyopimwa kwa vigezo 9, wakawa wanabadilisha uzito tu, data haijaguswa. Wakakuta miji 134 inaweza kuwa ya kwanza, miji 150 inaweza kuwa ya mwisho, na miji 59 inaweza kuwa ya kwanza AU ya mwisho, inategemea umekipa uzito kitu gani. Mji ule ule, namba zile zile! Kwahiyo mtu akikwambia mji fulani ndo bora nchini, swali la kwanza ni bora kwa nani.

Haya, takwimu sasa. Kuna nchi zina bahati, Italia kwa mfano gazeti la Il Sole 24 Ore limekuwa likipanga mikoa yao midogo kila mwaka tangu 1990, siku hizi ni mikoa 107 kwa viashiria 90, unakuta karibu kila kitu kipo tayari. Ila hata hapo angalia miaka kadhaa, usishike mwaka mmoja: Milano ilikuwa namba moja 2018 na 2019, korona ilipoingia 2020 ikashuka mpaka ya 12. Kwingine utaokoteza mwenyewe kwa ofisi ya takwimu ya taifa, polisi, wizara ya afya, na matangazo ya nyumba. Ukiokoteza kuna mitego na hii ndo inayowaangusha wengi.

Mtego wa kwanza ni mipaka. Takwimu moja inahesabu katikati ya mji tu, nyingine inahesabu mkoa mzima na mashamba yake, ukizilinganisha umejidanganya. Mfano mzuri ni ile City of London, kile kipande kidogo cha katikati ya London chenye mabenki. Sensa ya 2021 ilikuta wakazi kama 8,600 tu, huku wanaoingia kufanya kazi ni zaidi ya laki tano. Sasa ukichukua wizi wa simu uliotokea pale ukagawa kwa wakazi, utadhani ni uwanja wa vita. Popote penye ofisi nyingi, watalii au stendi kubwa, "uhalifu kwa kila wakazi elfu" unakuwa umevimba hivyo hivyo.

Mtego wa pili ni wastani. Watu kumi, tisa wanapata 100 na mmoja anapata 2,100, wastani unakuja 300 ambao hakuna hata mmoja anaupata. Tafuta ile namba ya katikati, mediani, hapo inabaki 100 na ndo ukweli. Kwenye kodi ya nyumba mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu wastani wa kodi unawajumuisha wapangaji walioingia miaka kumi iliyopita wakiwa bado wanalipa bei ya zamani, na wewe hutapata bei hiyo hata ulie. Kodi yako wewe mgeni ipo kwenye matangazo ya wiki hii. Fungua, chukua ishirini za mtaa unaoutaka, zipange kuanzia ndogo, angalia za katikati. Na zile tovuti ambazo watu wa kawaida ndo wanajaza bei, kama Numbeo, sio mbaya, ila kwa mji mdogo angalia kwanza wamejaza watu wangapi na lini, unaweza kukuta ni maoni ya watu sita waliokuwa na hasira.

Pesa usiipime kwa mshahara peke yake wala kwa bei peke yake. Chukua mshahara baada ya makato, toa kodi ya nyumba, toa usafiri, kinachobaki ndo ulinganishe mji na mji. Kodi na usafiri ziende pamoja siku zote, maana nyumba ya bei chee pembezoni inakulipisha nauli, afu inakulipisha muda. Safari ya dakika 30 kwenda na 30 kurudi ukilinganisha na ya dakika 90 kwa 90, tofauti ni saa mbili kwa siku, kwa siku 22 za kazi ni saa 44 kwa mwezi. Yaani wiki nzima ya kazi upo kwenye foleni, bure.

Hewa watu wanairuka, sijui kwanini. WHO tangu 2021 inasema zile chembechembe ndogo za moshi na vumbi zinazoitwa PM2.5 zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Miji mingi hata haikaribii, ila tofauti kati ya 12 na 40 ni kubwa mno kwa mwenye pumu. Na angalia mwezi mbaya kuliko yote, sio mwaka tu, miji iliyokaa bondeni kama Salt Lake City kuna msimu hewa inatuama moshi unakosa pa kwenda, wakati mwaka mzima unaonekana poa.

Ukishakuwa na namba zako inabidi zikae kwenye mizani moja, huwezi kujumlisha dakika na mikrogramu. Njia inayotumika sana ni kumpa bora 100, mbaya 0, wa kati kwa uwiano. Safari za dakika 20, 35 na 80 zinakuwa 100, 75 na 0. Nzuri, ila kuna hatari. Kodi zikiwa 500, 505 na 510 njia hiyo hiyo inakupa 100, 50 na 0 wakati hakuna tofauti ya maana hapo! Dawa ni kuweka mipaka yako mwenyewe, mfano kodi ya 300 ni 100 na ya 800 ni 0, hapo unapata 60, 59 na 58 na kichwa kinatulia. Zidisha kila alama kwa uzito wake, jumlisha, gawa kwa 100.

Kisha zitikise. Usafiri ushushe toka 30 mpaka 20, shule uipandishe, uone kama wa kwanza anabaki wa kwanza. Akiyumba kwa mabadiliko madogo hivyo maana yake miji hiyo miwili kwako iko sawa tu, amua kwa kitu kingine, hata kwa ndugu wako wapi. Na mji wowote wenye alama chini ya 20 kwenye kitu ulichokipa uzito mkubwa uwekee alama nyekundu hata kama jumla yake inapendeza, maana jumla inaficha. Umoja wa Mataifa waliliona hilo kwenye ile fahirisi yao ya maendeleo ya binadamu, 2010 wakaacha kujumlisha na kugawa, wakaanza kuzidisha kisha kutafuta kipeuo, ili nchi isifidie afya mbovu kwa hela nyingi.

Miji miwili ya juu nenda ukaione, na usiende sikukuu. Nenda siku ya kazi, panda basi saa moja asubuhi toka mtaa unaotaka kupanga mpaka ofisini, fungua bomba saa mbili usiku, uliza majirani umeme ulikatika lini mara ya mwisho. Dalali usimuulize kitu zaidi ya bei. Ongea pia na mtu aliyehama toka mji huo, huyo hana cha kuuza.

Ukishachagua panga nyumba kwanza, kununua kiwanja kusubiri. Baada ya miezi sita rudi kwenye ile spredishiti ujaze namba zako halisi, kodi, nauli, dakika, siku za kukosa maji, maana kinachokukera sana kinaweza kuwa ni mtaa tu, na mtaa unabadilisha kwa gari moja la mizigo.