Kabla hujaruka banji kutoka kwenye helikopta, uliza haya kwanza

Watu wengi wakisikia banji ya helikopta, yaani kujirusha kutoka hewani ukiwa umefungwa kamba ya mpira, wanauliza kamba tu, itakatika au haikatiki, na ni swali la haki kabisa ila siyo la kwanza. La kwanza ni helikopta yenyewe. Ukiruka pale Victoria Falls kati ya Zambia na Zimbabwe, mita 111, umefungwa kwenye daraja la chuma lililokaa pale tangu 1905, haliendi popote. Helikopta inayumba na upepo, mafuta yanapungua, injini inaweza kuzima, na wakati huo wewe uko chini yake umening'inia. Kwa hiyo maswali yako yaanzie juu ndo yashuke chini.

Anza na makaratasi, na usione aibu kuyaomba. Kampuni kuwa na cheti cha kurusha watalii haimaanishi ina ruhusa ya kuning'iniza mtu nje ya chombo, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Marekani kuna kanuni inaitwa Part 133, ya mizigo inayobebwa nje ya helikopta, imegawanywa madaraja A mpaka D na binadamu anayening'inia yuko D, na kwa daraja hilo helikopta lazima iweze kuendelea kuelea palepale hata injini moja ikizima, kwa uzito ule na kwa kimo kile. Maana yake helikopta ya injini moja imeshatoka kwenye mjadala. Halafu kanuni hiyohiyo inataja nani abebwe: marubani na wenzao wa kurusha helikopta, wanaofunzwa kazi hiyo, na watu ambao kazi yao inahusiana na ule mzigo. Mtu aliyelipia kujifurahisha hajatajwa, ndo maana unataka kuona ruhusa ya maandishi inayotaja kuruka banji, siyo kuambiwa tu "tuna leseni zote". Tangu mwigizaji Will Smith aruke karibu na Grand Canyon tarehe 25 Septemba 2018, siku anatimiza miaka 50, kuna watu wanadhani ukiwa na hela na helikopta imetosha. Haijatosha.

Kwa huku kwetu wa kuuliza ni mamlaka za usafiri wa anga: KCAA kwa Kenya, TCAA kwa Tanzania pamoja na Zanzibar, na UCAA kwa Uganda. Mwambie mwenye kampuni akuonyeshe cheti chake cha uendeshaji ndege pamoja na ile karatasi inayoorodhesha shughuli alizoruhusiwa, kisha piga simu mamlaka uthibitishe mwenyewe. Akianza kuzunguka zunguka, ondoka. Na ujue helikopta nyingi za utalii unazoziona mbugani ni za injini moja, nzuri kwa safari, lakini kwa kazi hii hapana.

Kwa nini nashikilia injini? Helikopta ikizimiwa injini rubani anaweza kuishusha kwa kuacha mapanga yazungushwe na hewa inayotoka chini, ila ili aweze anahitaji mwendo wa mbele au kimo cha kutosha, na kila helikopta ina mchoro kwenye kitabu chake unaoonyesha ni kimo gani na mwendo gani havifai kukaa. Kusimama hewani bila mwendo ndo eneo hilo baya. Sasa ongeza mtu anayening'inia makumi ya mita chini: hata rubani akiishusha vizuri, yule mtu anafika ardhini kabla yake. Na rubani ana mfumo wa kuachia mzigo kwa dharura, ambao kwa mzigo wa binadamu unatakiwa uhitaji vitendo viwili tofauti ili mtu asikuachie kwa kugusa kitufe kwa bahati mbaya. Uliza waziwazi, unaachiwaje, nani anaachia, katika hali gani. Ni swali zito lakini wenye kazi yao wanalo jibu tayari.

Kimo cha mahali nacho ni muhimu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, mchana jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, na helikopta inayoelea bila shida kule pwani Diani asubuhi inaweza kuhema ikipandishwa bara saa nane mchana. Waulize wamepiga hesabu ya uzito kwa joto la siku hiyo au wanatumia ya wiki iliyopita.

Ndo tunakuja kwenye kamba. Mpira unachoshwa na jua, joto na idadi ya mitikisiko, kwa hiyo kila kamba iwe na daftari lake la miruko na ukomo wake. Upimwe kwenye mizani mbele yako, mara mbili, kilo ziandikwe kwa maka pen mgongoni mwa mkono wako, na anayechagua kamba aisome ile namba kwa sauti. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012 pale Victoria Falls kamba ilikatika, dada mmoja kutoka Australia akaangukia Zambezi miguu imefungwa, akaogelea hivyohivyo akatoka hai. Chini yake kulikuwa na maji. Uliza chini yako wewe kutakuwa na nini.

Na helikopta siyo daraja, ukitoka inakuwa nyepesi ghafla inapanda, ukifika mwisho wa kamba inavutwa chini, halafu wewe unarudi juu na kamba imelegea. Kamba iliyolegea karibu na rota ya mkia, yale mapanga madogo ya nyuma, ni balaa. Rubani awe ameshafanya kwa mifuko ya mchanga ya uzito kama wako, siyo wewe ndo uwe jaribio.

Mikanda ya mwilini nayo usiipite. Machi 2018 New York helikopta ya kupiga picha ikiwa milango wazi iliangukia East River, mkanda wa abiria mmoja ulikuwa umenasa kwenye kishikio cha kufunga mafuta ya injini, na abiria wote watano walikufa maana hawakuweza kujifungua majini, rubani akapona. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, mwezi huohuo ikapiga marufuku safari za milango wazi zenye mikanda isiyofunguka haraka. Kwa hiyo ukiwa bado ndani, kabla ya kuruka, jifungue mwenyewe mara kadhaa ukiwa umefumba macho.

Mwili: presha, moyo, kifafa, mgongo, ujauzito, matatizo ya macho, sema ukweli kwa daktari. Uliza pia utashushwaje, maana kule Pucón Chile, walikoruka watu juu ya volkano Villarrica, walirudishwa uwanja wa ndege wakiwa bado wananing'inia, baridi na upepo wote wao, na kuning'inia muda mrefu kwenye mikanda kunazuia damu kurudi kutoka miguuni.

Bima isome sentensi kwa sentensi, nyingi hazilipi ajali za michezo ya angani. Na kabla hujalipa uliza kama hela inarudi wakighairi kwa upepo. Kampuni inayorudisha hela yote haina sababu ya kukurusha siku mbaya.