Kuanza Kufundisha Sosholojia Sekondari: Mfano wa Kituo cha Daladala

Sosholojia, yaani elimu ya jamii, ikianza kwa fasili na orodha ya waasisi, mwanafunzi wa kidato cha tatu hukariri majina bila kuiona jamii anayoishi ndani yake. Mwongozo huu, ninaoutumia na wanafunzi wa Dar es Salaam nje ya vipindi vya kawaida, unaanzia kwenye jambo linalowaumiza kila asubuhi, yaani kukataliwa na makonda wa daladala.

Hatua ya 1. Waulize kwa nini konda humzuia mwanafunzi mlangoni, kisha andika majibu yote kwenye karatasi kubwa bila kumsahihisha yeyote. Mengi yatahusu tabia: makonda wana roho mbaya, hawana adabu, hawakusoma. Itunze karatasi hiyo.

Hatua ya 2. Ukishapata kibali cha mkuu wa shule, wagawe wawili wawili, na kila jozi isimame kwenye kituo inachokitumia, asubuhi wakati wa msongamano na tena baada ya masomo. Wahesabu daladala zilizosimama, watu wazima waliopanda, wanafunzi waliopanda na wanafunzi walioachwa, bila kuandika namba ya gari wala jina la mtu. Waandike walichokiona tu: "konda aliziba mlango kwa mkono" ni taarifa, ilhali "konda aliwadharau wanafunzi" ni hukumu. Tofauti hii inastahili kipindi kizima, na ninawasihi walimu wasiipite haraka, kwa sababu mwanafunzi asiyeimudu atakuwa akikusanya ushahidi wa kuthibitisha hasira yake.

Hatua ya 3. Nenda nao stendi mchana, magari yanaposubiri zamu. Waeleze makonda na madereva lengo la mazungumzo, waombe ridhaa yao, na anayekataa aachwe kwa heshima. Swali la kwanza liwe juu ya namna siku yao ya kazi inavyokwenda, kwani ukianza na "mbona mnatunyanyasa?" utapata ugomvi au ukimya. Hapo ndipo wanafunzi watakaposikia habari ya hesabu, yaani fedha ambazo dereva na konda wanapaswa kumpelekea tajiri mwenye gari kila siku, na kwamba wao hugawana kinachobaki baada ya hesabu na mafuta. Watasikia pia habari za deiwaka, anayeshika gari kwa siku moja bila mkataba wowote. Nauli ya mwanafunzi, inayopangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini, ni ndogo kuliko ya mtu mzima, lakini mwanafunzi huchukua nafasi ileile na tajiri hapunguzi hesabu.

Hatua ya 4. Bandikeni tena ile karatasi. Uliza: konda mpole akipewa gari hilohilo na hesabu hiyohiyo, atafanya nini saa 12:30 asubuhi? Nani anayebeba gharama ya nauli nafuu? Sasa ndio wakati wa kutaja muundo wa jamii, tabaka na mamlaka, kwa kuwa kila dhana ina kitu cha kushikia. Hata hivyo, usikubali wamsafishe konda kabisa. Wapo wanaowapandisha wanafunzi licha ya hesabu, na hilo nalo linadai maelezo yanayoweza kuchunguzwa.

Hatua ya 5. Wasimulie habari za W.E.B. Du Bois, mwanasosholojia mweusi wa Marekani, ambaye mwaka 1896 alianza kupita nyumba kwa nyumba katika Seventh Ward, mtaa wa Philadelphia walikoishi Wamarekani weusi wengi, akiwahoji wakazi. Wengi walidai kwamba umaskini na uhalifu wa mtaa ule vilitokana na hulka ya watu wake. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1899 yalionyesha uzito wa urithi wa utumwa, ubaguzi katika ajira na kodi kubwa za nyumba duni. Wanafunzi waliokwisha kusimama kituoni na daftari huielewa kazi hiyo bila kuhitaji maelezo marefu.

Hatua ya 6. Kila jozi iandike ripoti ya kurasa mbili, kisha ichague swali lake: nani hufagia darasa na nani huongoza mijadala, au upatu wa akina mama wa mtaani unawezaje kudumu bila mkataba ulioandikwa. Kabla hawajatoka, kagua maswali na namna watakavyoomba ridhaa.